Hardy Cross, Mwalimu wa Wahandisi

Ubora wa mwalimu wa chuo kikuu hupimwa kwa maandishi yake, au kwa uwezo wa wanafunzi wake? Maisha ya Hardy Cross yatufaa sana sisi wakufunzi tunapolitafakari swali hili.

Cross alizaliwa mwaka 1885 katika jimbo la Virginia, Marekani. Alihitimu uhandisi wa ujenzi mwaka 1908, akafanya kazi ya madaraja katika shirika la reli, kisha akapata shahada ya pili huko Harvard mwaka 1911. Alifundisha Chuo Kikuu cha Brown, na kuanzia mwaka 1921 Chuo Kikuu cha Illinois.

Siku hizo, kukokotoa nguvu zilizomo katika fremu ya jengo la zege kulimlazimu mhandisi kufumbua milinganyo mingi kwa pamoja. Cross aliwafundisha wanafunzi wake njia nyepesi. Kwanza viungo vyote vya fremu huchukuliwa kuwa vimefungwa visizunguke. Kisha hufunguliwa kimoja kimoja, na momenti isiyolingana hugawanywa kwa boriti na nguzo zikutanazo hapo. Kazi hurudiwa mpaka kinachosalia ni kidogo mno. Aliyejua kujumlisha na kuzidisha aliiweza, tena aliona kwa macho jinsi jengo linavyobeba mzigo wake.

Darasani hakukuwa na mteremko. Cross hakusikia vizuri. Hivyo mwanafunzi hakuwa na budi kuieleza hoja yake kwa sauti na kwa ufasaha.

Njia hiyo ilifundishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kuchapishwa. Husimuliwa kwamba mkuu wa kitivo alimlaumu Cross kwa uchache wa maandishi yake. Mwaka 1930 alitoa makala ya kurasa chache tu. Ilipochapishwa tena mwaka 1932, maoni ya wahandisi yaliyoambatanishwa yaliizidi urefu mara nyingi. Njia yake ilitumika duniani kote mpaka kompyuta zilipoenea.

Mwaka 1937 alihamia Yale, akafundisha huko. Mwaka 1944 chama cha walimu wa uhandisi kilimtunukia Nishani ya Lamme kwa ualimu wake bora. Alifariki mwaka 1959.

Maandishi ni rahisi kuhesabiwa, kwani yamo maktabani. Ualimu umo vichwani mwa watu. Basi tunapomtafuta mkufunzi astahiliye tuzo, tusiishie maktabani. Tuwafuate wanafunzi wake kazini, tuone wanaweza nini.