Mtoto aliyeitwa jiniasi: maisha ya baba yake Obama

Mwezi uliopita dadangu alinipigia simu kutoka Mombasa akanambia kwamba mtaa mzima sasa wamwita mwanawe jiniasi. Kijana ana miaka tisa. Nilifurahi, kisha wasiwasi ukaniingia, maana kila asubuhi nikienda kazini hapa Nairobi hupita Upper Hill, karibu na barabara ya Elgon. Hapo ndipo gari la Barack Obama, baba yake rais wa zamani wa Marekani, lilipogonga kisiki cha mti usiku mmoja wa Novemba 1982, naye akafa.

Alizaliwa miaka ya 1930 upande wa Kendu Bay, akakulia Kogelo. Baba yake, Hussein Onyango, alikuwa Mwislamu aliyewapikia Wazungu Nairobi. Mtoto masomo hayakumtoa jasho. Husimuliwa kwamba aliweza kukosa shule wiki kadhaa, mtihani ukikaribia akaazima madaftari ya wenzake, na bado akawa wa kwanza. Watu wakicheka, wakisifu. Mimi naona kosa lilianzia hapo: alisifiwa akili, subira hakuna aliyemfunza.

Maseno hakumaliza. Baba akamleta kwetu Mombasa awe karani wa mfanyabiashara Mwarabu. Wakagombana na tajiri wake, akaondoka. Huko Nairobi, wanawake wawili wa Kimarekani walikiona kipaji chake wakamsaidia, na mwaka 1959 akaingia Chuo Kikuu cha Hawaii, mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika. Miaka mitatu akamaliza. Kisha Harvard, kusomea uchumi. Udaktari hakuupata, kwani mwaka 1964 chuo na watu wa uhamiaji walitaka arudi kwao. Lakini Nairobi alikwisha kuwa Daktari Obama, na jina hilo hakulikataa.

Si haki kumlaumu yeye peke yake. Mwaka 1965 aliandika makala kuukosoa mpango wa uchumi wa serikali, na wakati ule hilo lilitaka moyo. Tom Mboya, rafiki yake, alipouawa Government Road, siku hizi Moi Avenue, tarehe 5 Julai 1969, Obama alikuwa ameongea naye dakika chache kabla, akasimama mahakamani kutoa ushahidi. Milango mingine ilifungwa kwa siasa.

Mingine aliifunga mwenyewe. Hakuvumilia kuwa chini ya mtu aliyemwona mjinga, na alimwambia hivyo usoni. Mwaka 1970 akafutwa shirika la utalii. Pombe ikazidi. Nyumbani Woodley, kando ya barabara ya Ngong, waliobeba hasira zake ni mke na watoto. Mwanawe mmoja ameyaandika hayo. Baadaye Wizara ya Fedha ilimchukua, akaanza tena kusimama, mpaka usiku ule wa Elgon.

Nilipomuuliza dadangu kijana anaendeleaje, alisita. Akanambia ameletewa hesabu ngumu akalifunga daftari, akasema hizo hazitaki. Tangu hapo hufanya zile anazozijua tu. Nadhani aogopa kukosea, jina lisije likampotea.

Jumamosi nateremka Mombasa. Nimemwomba dadangu asizifute zile hesabu. Tutakaa barazani mimi naye, na mimi ndiye nitakayeanza kukosea, maana hesabu sikuziweza hata siku moja.