Pierre Curie, Mfaransa ambaye jina lake limebaki katika jiwe la Shinkolobwe

Katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, lilipatikana jiwe la rangi ya chungwa lenye uraniamu na risasi. Mwaka 1921 mtaalamu wa Ubelgiji, Alfred Schoep, aliliita kuriti kwa heshima ya Pierre Curie, aliyekuwa amefariki miaka 15 kabla.

Curie alizaliwa Paris tarehe 15 Mei 1859. Baba yake, daktari, hakumpeleka shuleni. Alisomea nyumbani, na akiwa na miaka 18 alikuwa tayari na shahada ya sayansi.

Mwaka 1880, yeye na kaka yake Jacques waligundua kwamba fuwele ya kwatzi ikibanwa inatoa umeme. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake: ikitiwa umeme, fuwele inabadilika umbo kidogo sana. Wakati ule wachache waliona faida yake. Lakini fuwele inayotikiswa na umeme kwa kasi kubwa sana inatoa sauti ambayo sikio halisikii. Paul Langevin, aliyekuwa mwanafunzi wa Curie, aliitumia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kutafuta nyambizi. Ekografi wanayofanyiwa akina mama wajawazito hapa Lubumbashi imetoka huko.

Vilevile darubini ya sauti, iliyotengenezwa na Lemons na Quate huko Stanford, Marekani, katika miaka ya 1970. Inapitisha sauti ndani ya tone la maji hadi kwenye kipande cha chuma, kisha inapokea mwangwi. Katika maji sauti inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, katika shaba karibu 4,700. Ukijua unene wa kipande na muda wa mwangwi, unapata kasi, na kasi inasaidia kujua ugumu wa chuma. Ufa uliofichika ndani unarudisha mwangwi mapema, bila kukata kitu. Kwa mji unaoishi kwa shaba, hilo si jambo la mbali.

Mwaka 1895 Curie alimuoa Maria Skłodowska, Mpolandi. Kwa kipimo cha kwatzi cha wale ndugu wawili walipima umeme dhaifu uliotokana na madini ya uraniamu, na mwaka 1898 wakagundua poloniamu na radiamu. Walipata Nobel mwaka 1903 pamoja na Becquerel. Hawakuomba hataza ya radiamu, na Pierre alikataa nishani ya Légion d'honneur. Katika hotuba yake ya Nobel, mwaka 1905, alionya kwamba radiamu ikiangukia mikononi mwa wahalifu inaweza kuwa hatari kubwa.

Tarehe 19 Aprili 1906, siku ya mvua, mkokoteni wa farasi ulimkanyaga katika barabara ya Dauphine, Paris. Alikuwa na miaka 46.

Uraniamu ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915. Kuanzia 1922 Union Minière ilitoa radiamu yake huko Olen, Ubelgiji. Mwaka 1945 uraniamu ya mgodi huo huo ilikuwa ndani ya bomu la Hiroshima. Serikali ilifunga mgodi mwanzoni mwa 2004, lakini wachimbaji wa mikono waliendelea kuingia. Julai mwaka huo udongo uliporomoka na baadhi yao wakafa humo.