Wakili Garland na Kiapo cha Yaliyopita

Augustus Hill Garland alizaliwa mwaka wa 1832 katika jimbo la Tennessee, Marekani, akalelewa Arkansas. Alianza uwakili akiwa kijana, na mnamo Desemba 1860 akaruhusiwa kutetea kesi mbele ya Mahakama ya Juu jijini Washington. Miezi michache baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka. Awali Garland alipinga kujitenga kwa jimbo lake. Hata hivyo, lilipojitenga alilifuata, akawa mbunge wa serikali ya waasi wa Kusini.

Sheria ya Januari 1865 ndiyo iliyomfungia mlango. Ilimtaka kila wakili wa mahakama za shirikisho aape kwamba hakuwahi kwa hiari yake kuchukua silaha dhidi ya Marekani wala kushika wadhifa chini ya waasi. Ikumbukwe kwamba kiapo cha uaminifu kwa kawaida huahidi yajayo. Hiki kilidai yaliyopita. Lau Garland angekila, angesema uongo. Lau angekikataa, angepoteza riziki. Rais Andrew Johnson alimpa msamaha kamili Julai 1865, naye akaupeleka mahakamani akiomba kurejea kazini bila kuapa.

Uamuzi ulitolewa tarehe 14 Januari 1867, majaji 5 dhidi ya 4. Jaji Stephen Field alieleza kwamba kumnyima mtu taaluma yake kwa tendo la zamani ni adhabu, na katiba hailiruhusu bunge kuadhibu bila kesi wala kwa sheria inayorudi nyuma. Isitoshe, msamaha wa rais hufuta hatia. Jaji Samuel Miller, kwa niaba ya wachache, alishikilia kuwa uwakili ni dhamana, na bunge lina haki ya kudai uaminifu wa anayekabidhiwa. Hoja hiyo si ya kubezwa: watumwa wapatao milioni 4 walikuwa ndio kwanza wameachwa huru, na waliopigania utumwa wao walikuwa wakirudi mahakamani na serikalini.

Garland naye alirudi. Seneti ilikataa kumpokea mwaka wa 1867, lakini akawa gavana wa Arkansas mwaka wa 1874, seneta mwaka wa 1877, na mwaka wa 1885 Rais Grover Cleveland akamteua kuwa mwanasheria mkuu wa serikali ile ile aliyoiasi. Kashfa ya hisa zake katika kampuni ya simu ilimtia doa huko. Tarehe 26 Januari 1899, akitoa hoja mbele ya Mahakama ya Juu, alianguka ghafla, akafariki.