Fundi Asiyejua Kusoma Aliyeipa Dunia Reli

Ndugu msomaji, siku ukifika stesheni ya Miritini kwa safari ya Nairobi, hebu vitupie jicho vile vyuma viwili ambavyo gari la moshi hupita juu yake. Ukipima kwa ndani, kutoka chuma hadi chuma, utapata milimita 1,435. Kipimo hicho hakikuchaguliwa Mombasa, wala hakikubuniwa na Wachina walioijenga reli hiyo iliyofunguliwa mwaka 2017. Ndicho kipimo hicho hicho cha reli ya Haramain, ambayo tangu mwaka 2018 huwachukua mahujaji baina ya Makka na Madina. Kwa hesabu ya kale ni futi 4, inchi 8 na nusu. Na aliyekieneza ni Mwingereza mmoja aliyefikia umri wa miaka 18 bila kujua kusoma wala kuandika. Jina lake George Stephenson.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 katika kijiji cha Wylam, karibu na mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mtia makaa katika mtambo wa mvuke uliovuta maji kutoka mgodini. Mama na baba wote wawili hawakujua kusoma, na jamaa nzima iliishi katika chumba kimoja cha nyumba iliyogawanywa baina ya familia nne. Mbele ya mlango wao ilipita njia ya reli ambamo farasi walikokota magari ya makaa ya mawe. Hiyo ndiyo picha ya kwanza aliyoiona mtoto huyo duniani.

Shule hakwenda, kwa kuwa fedha hazikuwapo. Alianza kazi angali mdogo, na alipofika miaka 17 akapewa kuangalia mtambo wa mvuke. Hapo ndipo alipoona upungufu wake. Mikono yake iliufahamu mtambo, lakini yaliyoandikwa juu ya mitambo alikuwa hawezi kuyasoma. Basi kutokana na ujira wake mdogo akamlipa mwalimu, akawa anakwenda usiku kujifunza kusoma, kuandika na hesabu. Mwaka 1802 akaoa, na ili kuongeza riziki akawa anashona viatu na kutengeneza saa za watu.

Misiba haikukawia. Mwaka 1803 alizaliwa mwanawe wa kiume, Robert. Mwaka 1805 alizaliwa binti ambaye hakuishi ila wiki chache, na mwaka 1806 mkewe naye akafariki kwa kifua kikuu. Stephenson akamwacha mtoto kwa mlezi, akaenda Scotland kutafuta kazi. Hakukaa sana, kwani habari zilimfikia kuwa baba yake amepofuka kwa ajali ya mgodini. Akarudi nyumbani kuwalea wazee wake na mwanawe. Tangu hapo alikata shauri kwamba Robert atasoma, asije akaona haya mbele za watu kama baba yake.

Bahati yake ilifunguka mwaka 1811. Pampu ya mgodi wa Killingworth ilikuwa haifanyi kazi, na mafundi waliotangulia walikuwa wameshindwa nayo. Stephenson akaomba ajaribu. Akaifungua, akaitengeneza, na maji yakatoka. Mwaka uliofuata wenye mgodi wakamfanya fundi mkuu wa mitambo.

Lazima tuseme kweli hapa: si yeye aliyebuni gari la moshi la kwanza. Richard Trevithick aliendesha gari la mvuke juu ya reli tangu mwaka 1804. Lakini magari ya siku zile yalikuwa mazito, yakivunja reli, tena yakiharibika mara kwa mara. Stephenson alifanya kazi ya kuyatengeneza yafae. Mwaka 1814 aliunda gari lake la kwanza, lililoitwa Blücher, nalo likakokota tani 30 za makaa kwenye mpando, mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, lakini hakuna farasi aliyeweza kuvuta mzigo ule.

Mwaka 1815 yalimpata mambo ambayo hakuyasahau maishani. Migodini mlikuwa na gesi iliyolipuka kila ilipokutana na moto wa taa, ikaua watu wengi. Stephenson akabuni fanusi ambayo moto wake hauwashi gesi. Akaichukua mwenyewe, ikiwa inawaka, akaingia nayo mgodini mahali gesi ilipokuwa ikivuja. Wakati huo huo mtaalamu mashuhuri wa London, Humphry Davy, naye alibuni taa yake. Davy akatunukiwa pauni 2,000, naye Stephenson akashutumiwa kuwa ameiba. Wakubwa wa elimu hawakusadiki kuwa mtu wa mgodini, asiye na shahada, angeweza kufikiri jambo kama lile. Watu wa Newcastle walilichunguza shauri hilo, wakaona hana hatia, wakamchangia pauni 1,000. Lakini ilipita miaka mingi, hata mwaka 1833, ndipo kamati ya Bunge ilipokubali kwamba haki ya wawili hao ni sawa.

Tarehe 27 Septemba 1825 ilifunguliwa reli ya Stockton na Darlington. Stephenson mwenyewe ndiye aliyekuwa akiendesha, nyuma yake mabehewa ya makaa na unga pamoja na mamia ya watu waliopanda kushuhudia. Hiyo ilikuwa reli ya kwanza ya watu wote kutumia magari ya mvuke.

Lakini mwaka huo huo aliaibishwa. Wafanyabiashara wa Liverpool na Manchester walitaka reli ya kilomita 50 kuunganisha miji yao, na Stephenson akaitwa mbele ya kamati ya Bunge kuieleza. Mawakili wa wenye mashamba na wenye mifereji walimbana kwa maswali. Lahaja yake ya kaskazini ikachekwa. Kibaya zaidi, ilidhihirika kuwa vipimo vya ardhi vina makosa, kwani aliwaachia wasaidizi wake kazi hiyo asiikague. Mswada ukakataliwa, naye akaondolewa, kazi wakapewa wengine. Kosa lilikuwa lake, naye hakupata mtu wa kumsitiri.

Mwingine angerudi kwao akanyamaza. Yeye hakukata tamaa, na mwaka 1826 mswada mpya ulipopita, wenye reli wakamrudisha kazini. Palikuwa na kinamasi kipana kiitwacho Chat Moss, ambacho wataalamu waliapa kuwa reli haitapita. Stephenson hakutafuta mwamba wa chini. Alitandika matita ya vijiti na majani ya porini, tabaka juu ya tabaka, kisha mawe, hata njia ikaelea juu ya matope mfano wa jahazi juu ya maji. Magari ya moshi yanapita hapo mpaka leo.

Oktoba 1829 yakafanyika mashindano ya magari huko Rainhill kwa zawadi ya pauni 500. Gari lililoshinda liliitwa Rocket. Kazi kubwa ya kuliunda ilifanywa na Robert, yule mtoto aliyesomeshwa kwa taabu. Ndani ya tangi lake mlipita mabomba 25 ya moto, shauri lililotolewa na Henry Booth, na kwa hiyo maji yalichemka upesi kuliko zamani. Bila mzigo, Rocket lilikimbia kiasi cha kilomita 48 kwa saa.

Reli ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, na furaha ikachanganyika na kilio. Mbunge wa Liverpool, William Huskisson, aliteremka njiani akagongwa na Rocket. Stephenson alimkimbiza kwa gari jingine kutafuta tabibu, lakini jioni ile akafa. Watu walikuwa bado hawajafahamu nini maana ya mwendo wa namna ile.

Na ule upana wa reli? Stephenson aliuchukua kutoka njia za magari ya farasi za migodi yake ya Killingworth, kisha akaongeza nusu inchi ili magurudumu yasikwame. Mwaka 1846 sheria ya Uingereza ikaufanya kuwa kipimo cha reli mpya za abiria. Robert ndiye aliyeuleta Afrika, alipojenga reli kutoka Iskandaria hadi Kairo iliyomalizika mwaka 1856. Sisi wa pwani ulitukawilia. Reli yetu ya kwanza, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilikuwa na upana wa mita moja tu.

Uzeeni Stephenson alikaa Chesterfield akilima bustani, na husimuliwa kwamba alikuza matango ndani ya mirija ya kioo ili yanyooke. Alifariki tarehe 12 Agosti 1848, akiwa na miaka 67.

Hata kwetu wako mafundi wengi ambao elimu yao i mikononi, wala hawana karatasi ya kuonyesha. Habari za mtu huyu zinatufunza mambo mawili. Kwanza, fundi asidharauliwe kwa ajili ya lugha yake au kwa kukosa shahada. Pili, fundi naye asiridhike na mikono peke yake. Stephenson hakujivunia ujinga wake. Alitoa senti zake akaenda kusoma usiku, kisha akahakikisha kuwa mwanawe anajua zaidi yake.