Zhang Zhongjing: Tabibu aliyezika ndugu zake, akaandika kitabu cha homa

Upepo wa Juni ukikushika pale Miyuji, Dodoma, bibi atakupa chai ya tangawizi na mdalasini, kisha blanketi. Tabibu wa China aliliandika jambo kama hilo miaka 1,800 iliyopita.

Zhang Zhongjing alizaliwa Nanyang karibu mwaka 150. Kuanzia 196, ndani ya miaka isiyofika 10, ukoo wake wa watu zaidi ya 200 ulipoteza theluthi mbili. Katika kila vifo 10, 7 vilikuwa vya homa.

Msiba huo ukamfanya apekue vitabu vya kale, akaandika Shanghan Lun, kuhusu magonjwa ya baridi.

Hoja yake: homa zote hazitibiwi sawa. Kwanza jua imefika hatua ipi kati ya 6. Ikiwa bado juu juu, mgonjwa atoe jasho kidogo tu: dawa ya mdalasini na tangawizi, uji wa moto, ajifunike. Ikigoma, achomwe sindano nyuma ya shingo, ndipo arudie dawa. Ikizama ndani, mbinu inabadilika.

Alifariki karibu 219. Kitabu chake bado kinafundishwa vyuoni China.