Ronald Ross, munganga wa mbu, na wale waliofanya kazi naye

Kila mwaka, tarehe 20 ya mwezi wa nane, dunia inafanya siku ya mbu. Siku hiyo inatoka kwa mutu mumoja, Ronald Ross. Sisi wa sendika tunapenda kusimulia maisha yake, juu mvua ikianza tu, wamama wa makambi wanapanga mustari ku lopitali na watoto mugongoni.

Ross alizaliwa Almora, mu India, mwaka 1857. Baba yake alikuwa mukubwa mu jeshi la Waingereza. Kijana alipenda mashairi na muziki, lakini baba akamutuma London asome unganga. Mu 1881 akarudi India kama munganga wa serikali. Miaka ya kwanza hakufanya kitu kikubwa.

Wakati ule watu walijua nusu tu ya habari. Munganga Mufaransa Laveran alikuwa ameona, mu 1880 kule Algeria, mududu mudogo sana ndani ya damu ya askari wenye malaria. Lakini anaingia mu damu kwa njia gani? Wengi walisema ni hewa mbaya ya mabwawa. Mu 1894 Ross alikuwa London kwa mapumziko. Patrick Manson akamuonyesha ule mududu mu mikroskopi, akamuambia anawaza mbu njo wanamubeba.

Ross akarudi India akapasua mbu karibu miaka miwili bila kupata kitu. Kumbe alikuwa anapasua aina isiyo yake. Mu mwezi wa nane 1897, kule Secunderabad, akapata mbu wa aina ingine, wenye mabawa ya madoadoa, wale wanaitwa anofele. Akawaacha wanyonye damu ya mugonjwa mumoja, Hussein Khan, akamulipa anna moja kwa kila mbu. Anna ilikuwa pesa ndogo kabisa. Tarehe 20 akapasua mbu mumoja, akaona mu tumbo lake alama ya mududu wa malaria.

Hapa tunasimama kidogo. Vitabu vinamusifu Ross, na ni haki. Lakini mutu aliyetoa damu yake ni Hussein Khan. Mwaka uliofuata, kule Calcutta, Ross alitumia ndege, akafuata mududu mpaka mu mate ya mbu. Mutu aliyemusaidia kila siku ni Mahomed Bux. Tuzo ya Nobel ya 1902 ilienda kwa Ross peke yake. Wataliani nao, Grassi na wenzake, ndio walioonyesha njia yote ya mududu wa malaria ya mwanadamu ndani ya mbu anofele, na Ross akagombana na Grassi mpaka uzee. Alikuwa mutu wa hasira, tusifiche.

Ross hakukaa kimya. Alisema dawa peke yake haitoshi, lazima kupiga mbu mahali anapozaliwa, mu maji. Mu 1902 alienda Ismailia, muji wa kompani ya mufereji wa Suez. Wakafukia madimbwi, wakamwanga mafuta juu ya maji. Mwaka ule wagonjwa walipita 1.500, mwaka uliofuata walibaki kama 200. Lakini Mian Mir, kambi ya askari kule India, kazi ya namna ile ilishindwa. Ross akasema pesa ilikuwa kidogo na mahali palikuwa padogo mno. Mabishano yale hayajaisha mpaka leo.

Jambo moja linatugusa sisi watu wa kazi. Ross aliomba serikali yake imulipe kwa kazi aliyofanya, ikakatala. Mu 1928 akauza makaratasi yake kwa paundi 2.000. Alikufa London mu 1932, ndani ya nyumba ya utafiti yenye jina lake.

Nyumba ile ndiyo iliyofika karibu yetu. Mu 1929 mutu wake, Malcolm Watson, aliitwa ku mine ya shaba ya Roan Antelope, Luanshya, ng'ambo ya mupaka wetu. Watu walikuwa wanakufa, wengine wanakimbia kazi, wakisema mu muto Luanshya kuna nyoka mukubwa anayeua. Wakakata majani ku kando ya muto, wakanyoosha maji, wakakausha mabwawa, wakatia nyavu ku madirisha, wakagawa kinini. DDT haikuwa bado. Mine zingine za kule zikafuata. Watafiti waliohesabu baadaye wanasema mu miaka 20, mine 4 zilikinga vifo zaidi ya 4.000, na karibu siku za kazi 1.000.000 hazikupotea. Hesabu ya mwisho ile ndiyo kompani iliipenda. Hawakufanya kwa huruma, mugonjwa hatoi shaba. Lakini walifanya.

Sisi leo tuko na chandarua na dawa nzuri kuliko ya Ross, na bado inchi yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, kisha Nigeria. Nyuma ya kambi yetu kuna mashimo yaliyochimbwa na kuachwa, yanajaa maji kila mvua, jua linayapiga, na mbu wa malaria anapenda maji ya namna ile. Tuliandika barua ya kwanza, hatukujibiwa. Ya pili tumeweka ndani hesabu ya siku za kazi zilizopotea, tumeitia sahihi wote, na mudelege ataipeleka kesho asubuhi.