Mzee Asiye na Kazi Huzeeka Mara Mbili

Wako watu kwetu Sagana wanaoamini kwamba mwalimu akishapewa barua ya kustaafu, amepewa pia ruhusa ya kukaa kitako na kungoja mauti. Mimi siafiki. Ushahidi wangu hauko mbali: ukiipita Karatina na kuingia Nyeri, utalikuta kaburi la Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti.

Alizaliwa London mwaka 1857, akawa mwanajeshi wa dola ya Uingereza. Sitaficha kwamba alipigana vita vya kuwatiisha Waafrika, wala kwamba mwaka 1896, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, aliamuru kiongozi mmoja aliyeitwa Uwini apigwe risasi. Doa hilo halifutiki. Hata hivyo, mambo mengine aliyoyatenda yana funzo.

Kambi ya kwanza ya wavulana, katika kisiwa cha Brownsea, aliiongoza mwaka 1907, akiwa na miaka 50. Aliacha jeshi mwaka 1910, akaoa mwaka 1912, na baadaye akajaliwa watoto watatu. Kumbe kazi inayomfanya akumbukwe hadi leo aliianza katika umri ambao wengi huanza kuhesabu siku za kupata malipo ya uzeeni!

Mwaka 1938, akiwa na miaka 81 na moyo umedhoofika, alihamia Nyeri pamoja na mkewe, Olave. Nyumba yao ndogo, katika uwanja wa hoteli ya Outspan, waliiita Paxtu, kwa kuwa ile ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Neno pax ni amani kwa Kilatini; nami, kwa sikio la mwanaisimu Mswahili, husikia amani tu. Lakini amani hiyo haikuwa uvivu. Nguvu za safari ndefu zilipokwisha, alitazama ndege na wanyama, akawachora, akaandika vitabu na barua. Alipunguza mwendo, hakusimama. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 84.

Msomaji atasema kwamba mzungu huyo alikuwa na watumishi na raha zake, ilhali wanaume wa Kiafrika walibebeshwa kipande na kunyimwa haki ya kumiliki ardhi ya nyanda za juu zilizotengewa wazungu. Ni kweli tupu. Lakini hata wazee wetu, bila raha hizo, hawakuufanya uzee kuwa likizo. Walilima, walichunga, waliamua kesi katika mabaraza. Kila rika lilikuwa na wajibu wake, na wajibu huo ndio uliowainua kitandani alfajiri. Mwili usiotembezwa hukakamaa, na akili isiyoulizwa neno husinzia.

Tangu mwaka 2009 walimu wa Kenya hustaafu wakiwa na miaka 60. Basi mwalimu mwenzangu, ichague kazi ya uzeeni ungali na chaki mkononi: shamba dogo, kwaya, au kitabu ambacho umekuwa ukikiahirisha. Nawe mwanafunzi, mwendee mzee wa kijijini kwenu na daftari, umwombe akutajie majina ya ndege na miti kwa lugha ya mama. Wewe utaokoa msamiati unaopotea, naye atapata sababu ya kukungoja kesho.